Kabichi Mia kwa Mtu Mmoja

Gajdovo, Banat
11 Novemba 1945

Kwako wewe uliye nyumbani,

Salamu zangu kwa mama kwanza, kisha majirani, kisha wewe. Jina lako silitaji. Karatasi hii itapita mikononi mwa watu, na sitaki binamu Milutin anicheke kwamba namwita mke wangu kwa jina mbele ya umma.

Tumefika siku ya tisa. Behewa letu lilikuwa na watu ishirini na sita, mbuzi watano, na mzee mmoja aliyebeba mlango wa nyumba yake mgongoni. Alisema mlango bado mzima, hawezi kuyaachia mawe. Kutoka Suhi Dol tuko mimi na Milutin tu, wengine wameshushwa vijiji vya mbele.

Nimepewa nyumba ya vyumba viwili na jiko. Wenyewe walikuwa Wajerumani, wameondoka, sijui wako wapi na siulizi. Kwenye fremu ya mlango kuna alama za penseli za watoto wao walivyokuwa wakirefuka, na majina. Nilizipaka chokaa. Chokaa ilipokauka zikatokea tena.

Nchi hii haina kilima hata cha kujisaidia nyuma yake. Udongo ni mweusi kama masizi. Unaingiza fimbo mpaka kiwiko na hukuti jiwe.

Cheti chako cha mpiganaji na barua ya kifo cha kaka yako nimevikabidhi kwenye kamati. Katibu alisoma, akasimama, akanipa mkono. "Na wewe ndugu, ulikuwa brigedi gani?" Nikasema nililinda nyumba. Akakaa. Wameniandika mkuu wa kaya, ndiyo desturi. Mume na mke, jutro nane, na jutro moja ni kazi ya jozi ya farasi kutwa nzima. Nane! Shamba letu kubwa huko, mbuzi akiruka mara mbili amelimaliza.

Nyonga ya mama ikiunga mtakuja wote wawili. Nitakuita.

Obren


Suhi Dol
2 Desemba 1945

Obren,

Mama anakusalimu. Nyonga haijaunga. Namgeuza mara nne kwa siku, na macho yake sasa hayatofautishi dirisha na ukuta. Anasema, "Bibi harusi, mwandikie mwanangu avae soksi." Miaka kumi na moja nimo katika nyumba hii na bado mimi ni bibi harusi.

Watu wananiuliza kwa nini nilikupa cheti changu ukatangulia. Nawajibu kwamba kwetu mwanamke havuki kizingiti kipya kabla ya mumewe, na tena mgonjwa haachwi peke yake. Sababu ni mbili na zinatosha. Lakini na wewe ujue: miaka mitatu nilitembea na brigedi, nilibeba majeruhi kumi na tisa kwa mgongo huu, nikapigwa risasi ya pafu, na kule hakuna aliyeuliza nani atangulie.

Sasa nisikilize. Usilime kama huku. Huku tunakwangua vidole viwili kwa sababu chini ya cha tatu ni mwamba. Huko zamisha plau shubiri nzima. Na ile miti ya barabarani usiikate kuni. Wenzangu waliopita huko walisema wenyeji huwasha jiko kwa mabua. Ngano jutro tatu, mahindi nne, moja ya mboga na majani ya farasi. Tatu, nne na moja ni nane. Usinitafutie hesabu nyingine.

Birika la uani lina maji ya mvua ya wiki tatu. Yakiisha ni chemchemi, saa mbili kwenda na mbili kurudi, huku mama yako yuko peke yake na fimbo ya kugonga ukuta.

Tuite mapema.

Jaglika


Gajdovo
17 Februari 1946

Kwako uliye nyumbani,

Barua yako ilifika miti tumeshaikata. Wenyeji wachache waliobaki walitutazama tukiikata kama watu wanaomtazama mtu anayekula mbegu. Mabua yalikuwa yamejaa ghalani, hatukujua ni kuni.

Huku si kwema. Homa imeingia, maji ya kisima yananuka kutu. Kuna treni ya familia tarehe kumi Machi, lakini msije. Mama hatamaliza siku tisa za behewa. Mwisho wa Machi kamati itapita nyumba kwa nyumba kuhesabu vichwa, ni jambo dogo, nitalimaliza mwenyewe.

Milutin anakuja huko kuchukua watoto wake. Ana karatasi ya mama, ya msaada wa unga. Usimsumbue kwa maswali, ana haraka.

Usije kabla sijakuita.

Obren


Suhi Dol
10 Machi 1946

Obren,

Leo treni imeondoka. Nilipanda mpaka juu nikaona moshi wake.

Milutin alipita Jumanne nikiwa chemchemini. Nilirudi nikakuta mama ana wino kwenye dole gumba. "Ya unga," akasema, akageukia ukuta. Nimeusugua kwa majivu mpaka ukatoka. Unga hatujauona.

Nieleze jambo moja. Kama kamati inahesabu vichwa, na mimi kichwa changu kiko huku, nahesabiwaje? Huku wanasema asiyekuwepo siku hiyo anafutwa. Na nikifutwa mimi umefutwa na wewe, kwa sababu cheti ni changu. Andika upesi, bado kuna siku ishirini. Nitamfunga mama kwenye punda nimfikishe stesheni kama mzigo wa sufu. Nimebeba wazito kuliko yeye, tena chini ya risasi.

Jaglika


Gajdovo
20 Oktoba 1946

Kwako uliye nyumbani,

Najua umeandika mara tano. Kalamu kwangu ni nzito kuliko plau. Kuhesabiwa kulikwenda vizuri, hakuna aliyefutwa, ondoa wasiwasi.

Ngano ilitoka nusu ya walivyopata wenyeji. Nililima kidogo kwa juujuu, sikatai. Lakini njaa haitatukuta. Kabichi mia moja zimekatwakatwa, zimetiwa chumvi, zimo katika mapipa mawili na zinachachuka vizuri. Shida ni jiwe. Kabichi ya chumvi bila jiwe zito juu yake inaoza, na wilaya nzima haina jiwe. Mtu akija huku, mpe jiwe bapa la kwetu aniletee.

Nyinyi kaeni. Mama yuko pazuri hapo kuliko huku kwenye homa.

Obren


Suhi Dol
3 Novemba 1946

Obren,

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye mapipa.

Mwanamume wa kwetu hashiki kisu cha kabichi. Mjomba wako Tripo alipofiwa na mke wakati wa vuli, kabichi zake ziliozea uani na yeye akizitazama kutoka dirishani, kwa sababu aibu aliiogopa kuliko njaa. Wewe ndiwe uliyenisimulia, tena kwa kumsifu. Sasa nani kakata zako? Nani katia chumvi?

Na hesabu ni hii. Baridi ina wiki ishirini. Mtu mmoja anamaliza kabichi moja kwa wiki. Ishirini kwa mtu mmoja. Mia moja ni watu watano.

Wewe ni mmoja. Nitajie wanne.

Jaglika


Suhi Dol
3 Novemba 1946

Kwa ndugu Grozda, aliyekuwa mpiganaji wa kikosi cha tatu, mwenye mguu wa mti, Selište, Banat

Grozda,

Nasikia watu wa kwenu wamepewa ardhi Selište, na Selište iko karibu na Gajdovo. Gajdovo yuko mume wangu, Obren. Nenda ukatazame kwa macho yako nani anaishi katika nyumba yake, kisha uniandikie kama tulivyokuwa tukiripoti kwa kamanda: wangapi, wakina nani, tangu lini. Usinionee huruma.

Jaglika


Selište
19 Novemba 1946

Ndugu Jaglika, kama kweli ni wewe,

Barua yako ililetwa nikiwa natoa mkate. Nikakaa sakafuni, mkate ukaungua. Nikamwambia tarishi, "Huyu amekufa." Akaitazama bahasha, akasema, "Basi ana mwandiko mzuri."

Unataka ripoti, hii hapa.

Tarehe ishirini na nane Machi, kabla ya kuhesabu vichwa, walisoma pale Gajdovo majina ya wapiganaji walioanguka na waliokufa baadaye kwa majeraha. Jina lako lilikuwa la tatu. Walisema umekufa Januari, pafu. Nililijua lile pafu, nililifunga kwa mikono yangu, kwa hiyo niliamini. Tulisimama kimya dakika nzima. Nilipewa nafasi ya kusema. Nikasema ulinibeba kutoka mtoni mpaka juu, na mguu wangu tukauacha chini. Mumeo alilia mpaka watu wawili wakamshika. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wawili, Jaglika. Nilimfuta pua kwa kitambaa changu.

Familia ya mpiganaji aliyekufa haifutwi hata kama marehemu hayupo. Hivyo ndivyo alivyopona siku ile.

Siku hiyohiyo alikuwa na mwanamke jikoni, Darinka, mjane kutoka nyumba ya pili, na watoto watatu. Watu walisema amemwazima kwa siku moja tu, ili kaya ionekane kaya. Waliohesabu wakaandika watano. Watano ni jutro kumi na mbili badala ya nane. Mwezi Mei walifunga ndoa kwenye ofisi ya kijiji. Sasa anaitwa Obrenovica, yaani mke wa Obren.

Nimefika kwake kama ulivyotaka. Nilimkuta anakamua ng'ombe. Nikamwambia, "Mke wa mumeo ananiandikia barua." Aliendelea kukamua, ndoo ikajaa, ikafurika, maziwa yakamwagika miguuni, naye bado anakamua. Kisha akasema, "Nimemwashia mshumaa kila Jumamosi ya wafu. Nimpelekee nani sasa?" Hakujua. Hilo naliapia mguu wangu uliobaki.

Sijui nikupe pole au nikupongeze kwa kufufuka. Niambie nifanye nini.

Grozda


Suhi Dol
1 Desemba 1946

Mjane Obren,

Pole kwa msiba. Nasikia ulilia sana.

Nimefanya hesabu ya bei yangu. Nikiwa hai ulipewa jutro nane. Nikiwa maiti, na mwanamke wa kuazima jikoni, kumi na mbili. Kwa hiyo mimi nina thamani ya jutro nne, tena kama sipumui. Watu huazima ng'ombe wa kulimia, Obren, lakini jioni humrudisha.

Siku ya kumi Machi nilikuwa na punda, kamba na nguo zimefungwa. Neno moja kutoka kwako, "njoo", na ningehesabiwa nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Hilo ndilo nisilolisamehe. Mwanamke ningeweza kumwelewa, miaka kumi na moja bila mtoto najua inavyosemwa vijijini. Lakini wewe ulikaa mezani, ukashika ile kalamu iliyo nzito, ukachagua neno "msije".

Naenda kwenye kamati ya wilaya.

Marehemu


Gajdovo
15 Desemba 1946

Jaglika,

Naona unastahili kuitwa kwa jina lako. Jaglika, Jaglika, subiri.

Sikupanga. Milutin alisema ukitoka mlimani mama atafia njiani, na usipotoka tutafutwa wote. Nilikuwa na wiki chache tu. Nikaona mtu akiwa marehemu kwenye karatasi haumii chochote, na baadaye ningerekebisha. Kisha wale watoto wakaanza kuniita baba. Mdogo analala na kiatu changu. Wewe hujui jambo hilo lilivyo, na sisemi kukuumiza.

Usiende kwenye kamati. Watanyang'anya ardhi yote, utakosa na wewe. Tuyamalize kikubwa: nyumba ya Suhi Dol iwe yako, na birika, na mbuzi, na yale mashamba matatu yenye ukuta. Mimi nitakuwa nakuletea ngano kila vuli, magunia manne.

Na kama bado unataka kwenda, basi ujue unamfunga nani. Cheti cha kifo kinataka mashahidi wawili. Wa kwanza ni Milutin. Wa pili hakujua kuandika, alitia dole gumba. Fikiri mwenyewe ni dole gumba la nani, ulilolisugua kwa majivu. Sheria ya ushahidi wa uongo haina macho ya kuona mzee wala kipofu.

Nakuomba.

Obren


Gajdovo
23 Machi 1947

Grozda,

Ni kilomita sita tu kati yetu, lakini matope yamefika magotini na mguu wako wa mti ungebaki ndani yake, kwa hiyo pokea barua. Uliniomba nikuambie yote, maana siku ile kwenye kamati walikutoa nje baada ya kunishuhudia.

Kwanza mama. Barua ya Obren nilimsomea kwa sauti, neno kwa neno, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nikamuuliza, "Mama, Milutin alikuambia ile karatasi ni ya nini?"

"Aliniambia."

"Na ukatia dole."

"Nikatia. Ulikuwa unaniosha kila asubuhi, bibi harusi, na kila asubuhi nilitaka kukuambia. Lakini wewe una mikono. Wewe hata wakuweke juu ya jabali utaishi. Yeye akikosa mtu wa kumshika anaanguka. Na nyumba isiyo na mtoto inazimika."

"Nyumba haijazimika, mama. Moto nimeuwasha mimi leo alfajiri."

"Najua. Nimesikia ukikohoa."

Basi. Akaomba maziwa, nikampa. Sikulia, Grozda. Nilikaa nikihesabu ni mara ngapi nimemgeuza tangu Novemba ile. Nilipofika elfu moja na mia sita nikaacha.

Februari nilimfunga kwenye punda. Treni ilichukua siku nane, na hakufa. Aliimba njia nzima na kuwauliza watu kama wamevaa soksi. Mwenye kufia njiani ni yule anayetafutiwa sababu.

Kwenye kamati ulikuwepo mpaka katikati. Ulimsikia katibu: "Jaglika wa Suhi Dol ni marehemu, muhuri upo." Nami nikamwambia, "Basi andika marehemu amekuja kudai shamba lake, na amechoka, mpe kiti." Wewe ukacheka, ndiyo maana wakakutoa.

Ulipotoka waliileta ile karatasi. Nikaliona dole. Dogo, limekaa upande, kama la mtoto. Katibu akauliza, "Huyu shahidi wa pili, alijua anachoshuhudia?" Obren alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi, Milutin nyuma yake. Nikasema, "Hakujua. Haoni. Aliambiwa ni unga." Wakaniandikia nikatia saini. Huo ndio uongo wangu wa kwanza mbele ya ofisi, na nimeutoa kwa ajili ya mtu aliyeshuhudia kifo changu. Usiniulize kwa nini. Labda sikutaka kumuona amefungwa gerezani kwa watu wasiojua kumgeuza.

Hukumu ni hii. Milutin miezi mitano. Obren anafutwa, anarudi alikotoka. Hawakumfunga kwa sababu ana mzee wa kutunza, na mimi ndiye niliyelitaja hilo. Darinka ni mjane wa mpiganaji wa kweli, alikuwa na haki yake mwenyewe tangu mwanzo na hakuna aliyejisumbua kumwambia. Kapewa nyumba mtaa wa chini na jutro kumi. Ndoa yake imefutwa, lakini mtoto wake mdogo bado huja kusimama kwenye geti langu, anatazama mlango, anaondoka. Mama yake tukikutana kisimani ananiachia nafasi nichote kwanza, kama kwa mgeni.

Mimi nimeandikwa mkuu wa kaya. Watu katika kaya: mmoja. Kwa mmoja ni jutro sita. Nimepoteza mbili, lakini sita hizi zina jina langu.

Jana waliondoka. Mkokoteni wa kwenda stesheni ulisimama hapa nje, mama juu ya majani makavu, Obren pembeni hajui mikono aiweke wapi. Nilidhani nitakaa ndani mpaka wapite. Mama akaita:

"Bibi harusi!"

Nikatoka.

"Nani atanisuka nywele kule?"

"Mwanao."

"Hajui."

"Hata mimi sikuzaliwa najua."

"Ni aibu," Obren akasema chini chini. "Watu wanaona." Kweli majirani walikuwa wamejaa kwenye mageti yao, pande zote mbili za barabara.

"Waone," nikasema. "Panda."

Nikapanda na mimi. Nikafungua kilemba cha mama, nikagawa nywele, nyeupe, chache, nikampa Obren mafungu matatu mkononi. La kulia juu ya la kati. La kushoto juu ya la kati. Akakosea. Mama akasema "Aii!" nami nikafumua. Akakosea tena. Kutoka geti la tatu mtu akacheka, masikio ya Obren yakawa mekundu, lakini mikono hakuitoa. Mara ya tatu msuko ukashika. Ulikuwa umepinda, mbovu, lakini ulishika. Nikamkabidhi kitana nikashuka.

Mkokoteni ukaondoka. Mimi niligeuka nikarudi kwenye farasi niliowaazima kwa jirani yangu, Ndugu Živan, walikuwa wamesimama na plau kwenye tuta la kwanza tangu asubuhi, na nilitakiwa kuwarudisha kabla jua halijazama.

Jaglika